Jinsi ya Kuandaa Kambi ya Likizo ya Familia Katika Nyumba ya Mafungo Milimani

Jumuiya nyingi za Kikatoliki za Dar es Salaam hupanga hija na mafungo kila mwaka, lakini mara nyingi safari hizo huigawa familia badala ya kuikusanya. Akina mama huenda na WAWATA, akina baba na UWAKA, watoto na Utoto Mtakatifu, vijana na VIWAWA, yaani kila kundi na chama chake cha kitume, kisha wote hukutana nyumbani wakiwa wamechoka, kila mmoja akisimulia jambo ambalo mwenzake hakuliona. Kambi ya familia ina lengo jingine: baba, mama na watoto, pamoja na bibi kama yupo, wanakaa mahali pamoja kwa siku nne au tano, wanasali pamoja, wanakula meza moja na wanapata muda wa kutosha wa kukaa bila kazi wala foleni. Kwa sababu hiyo, kila uamuzi utakaofanywa, kuanzia idadi ya watu hadi mambo ya jikoni, upimwe kwa swali moja tu, yaani kama unaiweka familia pamoja au unaitawanya.

Hatua ya 1: Paroko kwanza, kisha kamati

Mwenyekiti wa jumuiya amwandikie paroko walau miezi sita kabla ya safari, akieleza nia ya kambi, mahali panapofikiriwa na ombi la kupatiwa padre wa kuongozana na familia au kuunganishwa na padre anayeishi karibu na nyumba ya mafungo. Barua hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa watawa wenye nyumba hupenda kujua kundi linatoka parokia gani na ni nani anayelifahamu kabla ya kulipokea. Padre anayetoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwenda jimbo jingine naye achukue barua yake ya utambulisho.

Kamati ya watu watano inatosha: mratibu, mweka hazina, msimamizi wa liturujia, msimamizi wa watoto na mtu wa afya, ambaye ingefaa awe muuguzi au tabibu kama jumuiya inaye. Angalau wawili kati yao wawe wanaume wenye watoto. Baba anayesikia habari za kambi kutoka kwa baba mwenzake hujiandikisha na kuomba likizo kazini, ilhali anayeletewa habari hizo na mkewe peke yake huishia kuahidi kwamba atafuata mwishoni mwa juma.

Hatua ya 2: Idadi isizidi familia 14

Idadi hii ina sababu mbili. Ya kwanza ni basi, kwa kuwa familia 14 zenye watoto wa umri mbalimbali huwa kama watu 55 hadi 60, nao wakizidi hapo itabidi kukodi magari mawili na gharama hupanda ghafla. Ya pili ni sala: Njia ya Msalaba ina vituo 14, na kila familia ikipewa kituo chake cha kuongoza, hakuna anayebaki kuwa mtazamaji. Kundi la watu 120 hulazimika kuongozwa kwa kipaza sauti, na penye kipaza sauti familia hugeuka kuwa hadhira.

Kabla ya kuandikisha majina, kamati ikubaliane wazi kuhusu maana ya familia. Mjane na watoto wake ni familia, mama anayelea peke yake ni familia, bibi anayelea wajukuu ni familia. Katika jiji letu zipo pia nyumba ambazo mume ni Mwislamu na mke ni Mkatoliki, au mmoja ni Mlutheri, na zipo ndoa nyingi ambazo bado hazijafungwa kanisani. Wote hao wakaribishwe kwa lugha moja, na waongozaji waonywe mapema wasiweke zoezi lolote linalomlazimu mtu kusimama na kueleza hali ya ndoa yake mbele ya wengine. Mwenye nia ya kuihalalisha ndoa yake atamfuata padre kwa faragha, na ratiba iwe na nafasi ya mazungumzo kama hayo. Ni bora kuwa na zoezi moja pungufu kuliko kumrudisha mtu nyumbani akiwa amedhalilika mbele ya watoto wake.

Dada wa kazi asisahaulike. Familia ikimchukua, ahesabiwe kama mwanakambi kamili, mwenye kitanda chake na muda wake wa kupumzika, si kama mtu aliyekuja kubeba mtoto ili wengine wasikilize mada.

Hatua ya 3: Kuchagua mahali na tarehe

Likizo ya Juni ndiyo inayofaa zaidi. Mvua za masika huwa zimekwisha, shule zimefungwa kwa takribani mwezi mzima, na barabara za milimani huwa kavu kuliko Aprili au Mei. Desemba ina mvua za vuli, na familia nyingi huitumia kwenda kwao kwa ajili ya Noeli. Kwa safari ya mbali, siku tano kuanzia Jumanne hadi Jumamosi hufaa, ili Jumapili familia ipumzike nyumbani na kusali parokiani kwake. Tarehe zitangazwe Januari, maana waajiri wengi hupanga likizo za wafanyakazi mwanzoni mwa mwaka.

Kuhusu mahali, jumuiya yenye mfuko mdogo isidharau Pugu. Vilima vya Pugu viko kilometa 25 hivi kutoka katikati ya jiji, pana kituo cha hija cha jimbo, na hapo ndipo wamisionari Wabenediktini walipoanzisha misheni mwaka 1888, ikavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, baadhi yao wakauawa. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Mtoto wa darasa la tano anayesimama mahali hapo hujifunza historia ya imani na ya nchi kwa mara moja. Upungufu wa Pugu ni ukaribu wake na mjini: baba hupigiwa simu na kurudi kazini, mama hukumbuka duka. Kwa Pugu, panga siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na waandikisheni wale tu watakaoahidi kulala huko siku zote.

Chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro, mashirika mengi ya kitawa yana nyumba katika maeneo kama Bigwa na Mgolole, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imeifanya safari hiyo kuwa nyepesi hata kwa wenye watoto wachanga na wazee.

Hata hivyo, kwa familia zinazoweza kumudu, hakuna mahali panapoishinda milima ya Usambara, mkoani Tanga. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na karibu na Soni ipo Sakharani, misheni na shamba la Wabenediktini wa Ndanda, yenye mizabibu na miti ya makadamia. Masista nao wana nyumba za wageni katika eneo hilo. Hewa ni tofauti kabisa na ya Dar es Salaam, mboga na matunda ni ya shambani, na njia za miguu ni nyingi. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inawahusu watakaokwenda huko, ingawa mengi yanafaa popote.

Hatua ya 4: Kuzungumza na wenye nyumba

Watu wawili wa kamati waende wenyewe kuiona nyumba kabla ya kulipa kianzio. Picha za simu hazionyeshi kama choo kiko mbali, kama maji ya moto yapo, wala kama nyuma ya kanisa kuna mteremko mkali usio na uzio.

Jambo la kwanza la kuuliza ni vyumba. Nyumba nyingi za mafungo zilijengwa kwa ajili ya mapadre na watawa, kwa hiyo vyumba ni vidogo na kila kimoja kina kitanda kimoja. Ukisema tu kwamba mnakuja watu 58, mwenye nyumba atawagawa kama alivyozoea, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na familia itakuwa imetawanyika usiku wa kwanza. Omba vyumba vinavyopakana, omba magodoro ya ziada ya kutandika chini kwa ajili ya watoto, na uandike kabisa kwenye karatasi familia ipi italala wapi.

Jambo la pili ni ukimya. Huenda siku hizohizo kuna masista wanaofanya mafungo yao ya mwaka, wasiozungumza hata mezani, na watoto 30 wakicheza rede chini ya madirisha yao ni adha kubwa. Uliza waziwazi kama kuna kundi jingine, uwanja wa michezo uko wapi na ni saa ngapi kelele haziruhusiwi. Wenye nyumba wakisema wiki hiyo haifai kwa watoto, badilisheni tarehe bila kusihi.

Jambo la tatu ni jikoni, na hapa kamati isiyumbe. Jumuiya zimezoea kupunguza gharama kwa kubeba mchele, unga na masufuria, kisha akina mama hupika kwa zamu. Matokeo yake mama anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, anakosa masifu, anafika kwenye mada ikiwa imefika katikati na anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka. Hiyo kwake haikuwa likizo. Nyumba ipike, na jumuiya ilipie. Kama fedha hazitoshi, punguzeni siku moja ya kambi badala ya kuwarudisha akina mama jikoni. Mnaweza kukubaliana na wapishi kuhusu vyakula vya kawaida, yaani uji na viazi asubuhi, wali au ugali na maharage na kabichi mchana, na nyama au samaki mara chache, ili bei ishuke. Kuosha vyombo baada ya kula kufanywe na akina baba na vijana wa kiume, na jambo hili litangazwe kabla ya safari ili asiwepo atakayeshangaa.

Hatua ya 5: Fedha

Orodhesheni malazi na chakula, basi, sadaka ya padre, dawa, zawadi kwa wapishi na akiba ya asilimia 10 kwa dharura. Kiasi kitakachopatikana kigawanywe kwa familia, na watoto wadogo wanaolala na wazazi wahesabiwe kwa bei ya chini, ili nyumba yenye watoto sita isishindwe kuja kwa sababu ya baraka hiyo. Michango ikusanywe kila mwezi kuanzia Januari hadi Mei, na kila malipo, hata yale ya kutuma kwa simu, yaandikiwe risiti. Anzisheni pia mfuko wa kusaidiana; wanaoupokea wajulikane kwa mwenyekiti na mweka hazina tu.

Hatua ya 6: Safari

Kodini basi kwa mkataba ulioandikwa, hakikisheni lina kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, cha safari maalum na mikanda kwenye viti, na muulize kama dereva amewahi kupanda Lushoto. Swali hilo la mwisho ni la lazima. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona nyingi, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, kwa kilometa 33 hivi hadi Lushoto, Soni ikiwa njiani. Dereva wa tambarare aliyezoea mwendo wa Chalinze hadi Segera anaweza kuchemsha breki wakati wa kushuka.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi ili mpande mlima kukiwa bado mchana, maana ukungu wa jioni hupunguza uwezo wa kuona. Mkifika Mombo, simameni kwa nusu saa. Watoto washuke, wanywe maji, wasile chakula kizito, na wanaotapika safarini wakae viti vya mbele. Kila mzazi awe na mfuko mgumu usiovuja, kitambaa chenye maji na kipande cha tangawizi au limau. Watoto wa Dar es Salaam, ambao hawajazoea kona, huanza kunyamaza kwanza, kisha hupauka midomo. Mzazi akiona ukimya huo asisubiri mtoto aseme.

Hatua ya 7: Mavazi na afya

Watu wa pwani hawaamini habari za baridi hadi iwakute. Juni na Julai joto la usiku Lushoto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na kanga moja haisaidii kitu. Kila mtu awe na sweta nene, soksi, viatu vya kufunika vidole na suruali au nguo ndefu ya kulalia. Watoto wachanga wawe na kofia. Ulizeni nyumba ina mablanketi mangapi kwa kila kitanda, na kama ni moja, kila familia ibebe jingine. Asubuhi ya kwanza mtoto wa Mbagala ataona mvuke ukitoka kinywani mwake na atakimbia kuwaita wenzake waone, nanyi mwacheni afurahi, ila awe amevaa soksi.

Onyo moja la afya litiliwe mkazo. Mtoto akipata homa milimani, wazazi hudhani ni baridi imempiga, wakampa chai ya tangawizi na kumfunika. Malaria huonyesha dalili siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mtoto aliyeumwa na mbu Dar es Salaam anaweza kuugua akiwa Lushoto. Kila homa ipimwe siku hiyohiyo, na kamati ijue kabla ya safari kituo cha afya kilicho karibu ni kipi na gari gani litatumika usiku. Wenye pumu wabebe dawa zao za kuvuta hata kama hawajazitumia kwa muda mrefu, kwa sababu hewa ya baridi huweza kuiamsha. Kadi za bima na orodha ya dawa za wazee zikabidhiwe kwa mtu wa afya.

Hatua ya 8: Ratiba

Kosa la kawaida ni kuijaza ratiba kama semina. Mada mbili kwa siku zinatosha, kila moja isizidi dakika 45, na alasiri kuanzia chakula cha mchana hadi saa kumi ibaki wazi kabisa. Wazazi walale, wazee waote jua, watoto wacheze kombolela na mdako. Mratibu atasikia moyo ukimsukuma kuijaza nafasi hiyo kwa warsha, asiguse.

Siku ya kwanza ni ya kufika, kula na kulala. Siku ya pili ianze na masifu ya asubuhi na Misa, kisha mada moja kwa wote na moja kwa wazazi peke yao, huku vijana wakubwa, watatu au wanne kwa pamoja, wakiwashughulikia watoto. Mada ziguse maisha halisi ya Dar es Salaam: fedha ya nyumbani na mikopo ya siri, baba anayefika nyumbani watoto wamelala, simu mezani, ndugu wanaoishi nasi, namna ya kusameheana. Baada ya mada ya wazazi, kila wanandoa wapewe saa moja ya kutembea wawili bila mtoto, na wasio na mwenza waalikwe kukaa na padre au na mzee wa jumuiya, kwa heshima ileile.

Siku ya tatu iwe ya Njia ya Msalaba nje, kwenye njia ya mlimani, na hii ndiyo sala ambayo watoto huikumbuka kwa miaka. Kila familia ipewe kituo chake siku moja kabla, iandae tafakari ya sentensi tano au sita kwa maneno yake yenyewe, na iamue nani atasoma na nani atabeba msalaba hadi kituo kinachofuata. Msalaba uwe wa miti miwili iliyofungwa kwa kamba, mzito kiasi cha baba kuhisi bega, lakini si kiasi cha mtoto kushindwa kushika ncha ya nyuma. Familia yenye kituo cha sita, Veronika anapompangusa Yesu uso, ije na kitambaa cheupe, na mtoto wao mdogo ndiye akinyoshe mbele ya wote. Familia yenye kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, ingefaa iwe ile yenye bibi. Wazee wasioweza kupanda wakae kwenye kituo cha mwisho na kuwapokea wanaofika.

Siku ya nne asubuhi tembeeni, ama kwenye maporomoko ya Soni ama kwenye msitu wa Magamba mkiwa na mwongozaji, lakini si kote kuwili. Waonyesheni watoto vinyonga na maua madogo ya zambarau ya Usambara, ambayo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyapeleka Ulaya mwaka 1892 na leo hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Alasiri iwe ya maungamo, na padre zaidi ya mmoja aombwe mapema ili watu wasipange foleni ndefu kwenye baridi. Jioni iwe ya kuabudu Ekaristi kwa nusu saa yenye nyimbo chache na kimya kirefu.

Kila usiku baada ya chakula, rozari isaliwe kwa familia tano kuongoza kumi moja moja, kisha bibi mmoja atoe hadithi. Akisema "Paukwa!" na watoto 30 wakaitikia "Pakawa!", hakuna atakayetafuta televisheni. Simu za watu wazima ziwekwe kwa mratibu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi baada ya Misa ya asubuhi, isipokuwa ya mtu wa afya na ya dereva.

Hatua ya 9: Usalama wa watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kamati inayokusanya watoto wa watu ina wajibu mzito kwao. Mtu mzima yeyote, awe katekista, mseminari au mwanakamati, asikae peke yake chumbani na mtoto asiye wake. Mtoto asilale chumba cha familia nyingine hata kama ni rafiki. Kila anayetoka nje ya eneo la nyumba aandikwe, na watoto wahesabiwe kabla ya kila mlo. Pelekeni tochi, kwa kuwa njia ya chooni usiku ina utelezi. Ikitokea mtoto amelalamika kuhusu mtu yeyote, asikilizwe, wazazi waambiwe siku hiyo na taarifa ifikishwe kwa paroko, polisi na ustawi wa jamii bila kujadiliana kwanza kuhusu jina la jumuiya.

Hatua ya 10: Kurudi na kufunga hesabu

Asubuhi ya kuondoka, familia zifagie vyumba zilivyolala, zikunje mashuka na kuwaaga wapishi kwa majina yao, na zawadi yao itolewe mkononi. Atakayependekeza kupitia Msata na Bagamoyo ili kuona misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ana wazo zuri kwa safari nyingine. Watoto waliochoka hawaoni kitu, na basi litaingia jijini usiku wa manane.

Ndani ya wiki mbili mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya jumuiya pamoja na risiti zote, na baki iingie kwenye mfuko wa kusaidiana wa mwaka unaofuata. Mratibu aandike barua ya shukrani kwa wenye nyumba, aombe waseme palipowakera, na kama wamekubali kuwapokea tena, aweke tarehe za Juni ijayo papo hapo kabla kundi jingine halijazichukua.